Malaki Hakuanza na Fungu la Kumi

Semina za biashara kwa Wakristo zimejaa mijini mwetu, na mafundisho yake yanafanana kiasi kwamba aliyehudhuria ya Dodoma anaweza kwenda kuyafundisha Nakuru bila kubadili daftari. Mweke Mungu mbele. Fungua ofisi kwa maombi, wafanyakazi wote wakiwa wamesimama. Toa fungu la kumi la faida bila kuchelewa, panda mbegu, tamka ushindi juu ya duka lako kila asubuhi. Soma habari za Yusufu, za Danieli, za mwanamke wa Mithali 31, kisha uamini kwamba Mungu amekusudia watoto wake washike uchumi. Mwenye kuyafanya hayo, tunaambiwa, anaongoza biashara kwa hekima ya Biblia.

Napinga, na napinga nikiwa nimeishika Biblia hiyo hiyo. Sina ugomvi na maombi wala na utoaji. Ugomvi wangu ni na kile kinachorukwa. Maandiko yamesema mengi kuhusu biashara, mengi kuliko tunavyofundishwa, na karibu kila yanapomgeukia mwenye mali yanaanza kwa kumdai hesabu: fedha ya mwenzako iliyo mkononi mwako iko wapi? Ya kibarua aliyemaliza kazi jana. Ya mkulima uliyempimia gunia. Ya fundi uliyemwambia apite kesho, na kesho ukamwambia hivyo hivyo. Kiongozi wa biashara asiyelijibu swali hilo hajaanza kuongoza kibiblia, hata kama ofisi yake imebandikwa mistari ya Zaburi kuanzia mapokezi hadi stoo.

Tuanze na Malaki, kwa kuwa ndiye anayesomwa zaidi wakati wa sadaka. Kitabu chake ni kifupi, sura 4 tu. Mstari wa 10 wa sura ya 3, unaohusu zaka kuletwa ghalani na baraka kumiminwa, waumini wengi wanaujua kwa moyo. Ni wachache waliowahi kuonyeshwa mstari wa 5 wa sura hiyo hiyo. Hapo Mungu anasema anakuja kuhukumu na kwamba yeye mwenyewe atakuwa shahidi, tena shahidi asiyekawia, na anawataja watakaoshtakiwa: wachawi, wazinzi, wanaoapa kwa uongo, kisha wanaomdhulumu mwajiriwa ujira wake, wanaomwonea mjane na yatima, wanaompokonya mgeni haki yake. Mwajiri anayekalia mshahara wa mtu amewekwa orodha moja na mchawi. Makanisa yetu yana mikesha ya kupambana na wachawi, Ijumaa kwa Ijumaa, na vipaza sauti vinasikika hadi mtaa wa pili. Mkesha wa kupambana na dhuluma ya ujira sijawahi kuusikia ukitangazwa.

Nitajibiwa kwamba hata hivyo mstari wa 10 upo. Upo, na hauondoki. Lakini nabii ameufikia baada ya kupita kwenye ujira wa kibarua, na zaka yenyewe ukiifuatilia hadi Kumbukumbu la Torati 14 unakuta kwamba kila mwaka wa tatu iliwekwa mijini ili Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Ilikuwa chakula cha watu. Yesu naye, katika Mathayo 23, aliwakemea waliokuwa wakitoa zaka hadi ya mnanaa, bizari na jira huku wameiacha haki, rehema na uaminifu. Hakuwaambia waache zaka. Aliwaonyesha kipi kizito zaidi.

Kuna jambo la kihasibu hapa ambalo mimbari inalipita haraka. Mfanyabiashara anasimama kanisani na kushuhudia kwamba mwezi huu amepata faida ya shilingi milioni 10. Anatoa milioni 1, anapigiwa makofi, anawekewa mikono. Wakati huo mishahara ya mwezi uliopita, milioni 4, haijalipwa, na makato ya NSSF ya robo mwaka nzima hayajapelekwa. Mtu huyo hana faida ya milioni 10. Fedha ambayo ndani yake mna mishahara ya watu haijawa faida bado, na sehemu ya kile alichokiweka madhabahuni ilikuwa unga wa watoto wa mlinzi wake. Tanzania mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Mwajiri anayeandika makato hayo kwenye karatasi ya mshahara, akayakata kweli, kisha asiyapeleke, ameiba na kuacha ushahidi kwa maandishi yake mwenyewe. Mfanyakazi anagundua siku anapofuatilia mafao, akiwa amestaafu au amepunguzwa kazini, na dirishani anaambiwa jina lake lina miezi 9 badala ya miaka 9.

Torati ilikuwa na haraka ya ajabu katika jambo hili. Mambo ya Walawi 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24 inataka alipwe siku ile ile, jua lisizame juu yake, awe ndugu au mgeni, na inatoa sababu: ni maskini, na moyo wake umeutazamia ujira huo. Hata katika mfano wa mizabibu, Mathayo 20, ambao tunauhubiri kama mfano wa neema tu, malipo yanafanyika jioni, na anayeamuru yafanyike ni mwenye shamba mwenyewe. Hakuna aliyerudishwa nyumbani mikono mitupu akaambiwa hazina imekwama.

Kwa nini haraka yote hiyo? Kwa sababu kibarua hana ghala. Chukua kijana wa kubeba zege kwenye jengo lolote la mjini. Mchana amekula kwa mama ntilie kwa mkopo, jina lake limeandikwa kwenye daftari lenye mafuta. Kodi ya chumba inadaiwa. Nauli ya kesho anaitegemea jioni hii. Malipo yakichelewa wiki mbili hasubiri bure: anakopa, na anayemkopesha kwa haraka ni yule wa mikopo ambayo mtaani tunaiita kausha damu, ya riba inayohesabiwa kwa siku au kwa wiki. Kwa hiyo mfanyakazi aliyecheleweshewa mshahara anamkopesha tajiri wake bila riba, ilhali yeye mwenyewe amekopa kwa riba ya kumkausha. Maskini anamfadhili mwenye kampuni. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio cha waliovuna kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Inafaa kila mkurugenzi anayeongoza ibada ya Jumatatu ajiulize ni sala ipi iliyotangulia kufika, yake au hiyo.

Na ibada hizo za Jumatatu nazo tuziseme. Mfanyakazi anayedai mishahara ya miezi miwili anasimama kwenye duara, anashikana mikono na anayemdai, anaombwa aseme amina kwa sala ya kuombea upenyo wa kifedha. Hawezi kutoka, kwa maana atakayetoka ataonekana hana imani. Hawezi kuuliza, kwa maana hapo ni mahali pa ibada. Akiuliza baadaye anaambiwa sisi hapa ni familia, au kwamba kazi hii ni huduma na thawabu yake iko mbinguni. Katika taasisi nyingine zenye jina la Kikristo, walimu na wauguzi wamekaa na jibu hilo kwa miezi mingi. Sala imefanywa kifuniko cha swali halali, na anayefanya hivyo analitumia jina la Mungu kuahirisha deni.

Wenye biashara wana jibu, na si jibu la kupuuza. Wanasema: hatuna fedha. Tumefanya kazi ya serikali au ya kampuni kubwa, ankara imekaa miezi 6 au mwaka, benki inataka marejesho, mishahara tutaitoa wapi? Najua hali hiyo ni ya kweli. Wakandarasi wameuza magari na nyumba kwa sababu ya malipo yaliyocheleweshwa. Mithali 3 inapomkataza mtu kumwambia jirani yake aende aje kesho, inamsema mtu ambaye kitu anacho. Asiyenacho hahukumiwi hapo. Lakini swali halijaisha, linahama tu: fedha isipotosha, nani anatangulia kusubiri?

Hapa ndipo ninapomtaka Nehemia. Semina zetu zinampenda. Anafundishwa kama bingwa wa maono na usimamizi wa miradi: aliomba, akafunga, akakagua ukuta usiku, akagawa kazi kwa familia, akawapuuza kina Sanbalati, akamaliza kwa siku 52. Yote yamo. Ila mafundisho yanatoka sura ya 4 yanaruka hadi ya 6, na katikati imeachwa sura ambayo bila hiyo Nehemia ni msimamizi wa ujenzi tu.

Katika sura ya 5 ujenzi wa ukuta mtakatifu unaendelea, na watu wanapiga kelele. Hawapigi kelele dhidi ya adui wa nje. Wanawalalamikia ndugu zao Wayahudi. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wamekopa fedha za kulipa kodi ya mfalme. Binti zao wengine wamekwisha kuwa watumwa. Mradi wa Bwana unakwenda vizuri huku waliobeba mawe wanauza watoto. Nehemia anakasirika sana, anatafakari, kisha anawakabili wakuu na mashehe mbele ya mkutano mkubwa: rudisheni mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, leo hii, pamoja na ile sehemu ya mia mliyotoza. Wanakubali. Haridhiki na kukubali kwao; anawaita makuhani na kuwaapisha wakopeshaji. Makuhani wameitwa kushuhudia urejeshaji wa mali, kazi ambayo leo hatuwaiti wachungaji wetu kuifanya.

Kisha linakuja lile linalojibu swali la nani asubiri. Nehemia anaeleza kwamba kwa miaka 12 ya uliwali wake hakula posho ya liwali, ingawa waliomtangulia walitoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Mezani pake walikula watu 150, na bado hakudai haki yake kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Katika kampuni yenye shida ya fedha, kwa kipimo hicho, posho ya mkurugenzi inakatwa kabla ya mshahara wa dereva. Gari jipya linasubiri. Safari ya kongamano la viongozi wenye maono inasubiri. Daftari la hesabu linafunguliwa wafanyakazi waone kilichopo na kisichopo, na kinachoingia kinawaanzia wa chini. Nimewaona wenye maduka madogo wanaofanya hivyo bila kuwahi kualikwa kwenye semina yoyote.

Yusufu nitamgusa kwa ufupi. Tunaambiwa tuige mipango yake, ile akiba ya moja ya tano katika miaka 7 ya shibe. Sawa. Ila msomaji aendelee hadi Mwanzo 47 aone akiba hiyo ilivyouzwa. Fedha za watu zilipokwisha, Yusufu alichukua mifugo yao; mifugo ilipokwisha, ardhi yao; mwisho wao wenyewe wakawa watumwa wa Farao. Mashamba ya makuhani peke yake hayakununuliwa, kwa kuwa walikuwa na posho kutoka kwa mfalme. Watu walimshukuru kwa kuwaokoa na njaa, na Biblia haikuificha shukrani hiyo. Haikuficha pia kwamba kitabu kinachofuata kinafunguka kwa utumwa chini ya Farao mwingine, na kwamba Torati iliyotolewa baada ya utumwa huo, katika Walawi 25, ilikataza ardhi kuuzwa moja kwa moja, ikaamuru kila mwaka wa 50 irudi kwa wenyewe. Anayemfundisha Yusufu kama kielelezo cha kushika uchumi atuambie kwanza msimamo wake kuhusu sura ya 47.

Kama tunataka mfano wa mwajiri, tunaye mmoja, na tumempoteza kwa kumgeuza kuwa mchumba. Mabinti kanisani wanaombewa wampate Boazi wao, na maana yake ni mwanamume mcha Mungu mwenye uwezo. Soma tena Ruthu 2 kama mtu anayekagua sehemu ya kazi. Mwenye shamba anafika kwenye mavuno ya shayiri, anawasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wanamjibu. Anamwona mwanamke mgeni, Mmoabi, asiye na mtu, anayeokota masazo kwa haki ambayo Torati iliwapa maskini na wageni. Anachofanya ni kutoa amri. Amewaagiza vijana wasimguse. Anamwambia akipata kiu aende kwenye vyombo akanywe maji waliyoteka vijana. Wakati wa chakula anamkaribisha achovye tonge katika siki pamoja na wavunaji, anampa bisi, naye Ruthu anakula hadi anasaza. Kisha anawaambia wafanyakazi wachomoe masuke katika matita, wayaache makusudi, wala wasimkemee. Jioni Ruthu anapiga alichookota, anapata kama efa moja ya shayiri.

Usalama wa mwanamke kazini, maji, chakula cha mchana, na kipato cha kubeba nyumbani. Amri ya kutomgusa imetolewa kabla ya tatizo kutokea, ikatolewa kwa wenye nguvu ya kumdhuru. Kuna viwanda na mashamba ya maua katika nchi zetu ambako wasimamizi wanadai ngono ili mwanamke apangiwe kazi nyepesi au aongezewe mkataba, na wamiliki wanahesabu hayo ni mambo ya wasimamizi. Boazi aliyahesabu ni mambo yake.

Sasa twende sokoni, maana huko ndiko Biblia na biashara yetu zinapokutana uso kwa uso. Fika kwenye viazi vya Njombe au vitunguu vya Mang'ola msimu wa mavuno. Gunia linajazwa, linashindiliwa kwa magoti, likifika mdomoni linaongezewa kichwa: wavu au kipande cha gunia jingine kinashonwa juu kwa kamba na shazia, viazi vinarundikwa tena, vinabanwa, hadi gunia linasimama na nundu ambayo mtu mmoja hawezi kuinyanyua. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, na kanuni zake hazitaki mazao yafungashwe kwa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanalihubiri hilo kila mwaka. Lumbesa ipo bado. Tuseme lina kilo 130. Mkulima analipwa gunia moja, kwa hiyo kilo 30 zimekwenda bure. Akiuza magunia 40 ametoa kilo 1,200, yaani magunia 12 halali, na msimu wake wote wa dawa, mbolea na palizi unaweza kuwa umemezwa na nundu hizo. Mzigo ukifika mjini nundu inafunguliwa, viazi vinauzwa kwa kisado, na kisado chenyewe kimebonyezwa kitako ili kisijae sana.

Kununua kwa kipimo kikubwa na kuuza kwa kidogo: Kumbukumbu la Torati 25 imekitaja kitendo hicho hicho inapokataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Na Amosi, mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, alikwenda kaskazini wakati wa Yeroboamu wa pili, enzi ambayo fedha ilikuwapo na nyumba za pembe zilijengwa, akawakuta wafanyabiashara wakipunguza efa, wakizidisha uzito wa shekeli, wakichanganya ngano na takataka zake. Jambo linalonishika zaidi katika sura hiyo ya 8 ni kwamba wafanyabiashara hao walikuwa watu wa ibada. Walifunga maduka siku ya Sabato. Mwandamo wa mwezi waliuheshimu. Walikuwa wakisubiri tu iishe warudi kwenye mizani. Kwa kipimo cha semina zetu walimweka Mungu mbele kabisa, na ni kwa watu wa namna hiyo Mungu alisema, katika sura ya 5, kwamba anazikataa sikukuu zao na sadaka zao.

Mnunuzi Mkristo wa vitunguu ataniambia: nikikataa lumbesa nami, mwenzangu anapakia lumbesa, sokoni bei yake itakuwa chini yangu, nitafilisika. Inawezekana. Sitamdanganya kwamba akiwa mwaminifu lazima atajirike, maana Biblia haikumwambia hivyo. Zaburi ya 15 inauliza nani atakaa katika hema ya Bwana, na miongoni mwa sifa zake inamtaja mtu aliyeapa kwa hasara yake mwenyewe na bado hageuki. Hasara imetajwa waziwazi. Hapa ndipo mafundisho ya siri za mafanikio yanapovunjika kabisa, kwa sababu hayana nafasi ya mwaminifu aliyepata hasara. Yakimkuta, yanamwambia imani yake ilikuwa ndogo, au ana dhambi ya ukoo, au mbegu yake haikutosha. Hayo ndiyo waliyosema rafiki za Ayubu, na Mungu akawakasirikia.

Tena Ayubu mwenyewe ni mfanyabiashara wetu. Wahubiri wanamkimbiza hadi sura ya 42, kwenye mali iliyorudi maradufu. Ningeomba tusimame kwenye sura ya 31. Mtu amekwisha kufilisika: ng'ombe, ngamia, watumishi, watoto, afya, vyote vimekwenda. Anajitetea mbele za Mungu, na anapotafuta ushahidi wa uadilifu wake hataji dhabihu alizotoa, ingawa alizitoa. Anasema hakuidharau kesi ya mtumwa wake walipohojiana, kwa kuwa aliyemuumba yeye tumboni ndiye aliyemuumba na huyo. Anasema kama ardhi yake inalia juu yake, kama amekula mazao yake bila kulipa, basi na imee miiba badala ya ngano. Huo ni ukaguzi wa hesabu uliofanywa na mtu asiye na senti, na alishinda.

Naongeza mfano mmoja wa kihistoria, kwa wale wanaoamini kwamba moyo mwema unatosha. Ndugu wa Cadbury wa Birmingham, Uingereza, walikuwa Wakristo wa jamii ya Marafiki, na wema wao ulikuwa wa kweli. Mwaka 1879 walihamishia kiwanda chao cha chokoleti Bournville, mahali penye hewa na viwanja vya michezo, na baadaye George Cadbury akajenga kijiji chenye nyumba bora na bustani. Wakati huo huo sehemu kubwa ya kakao yao ilitoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyokuwa chini ya Wareno, ambako wafanyakazi walipelekwa kutoka Angola kwa mikataba ya jina tu na hawakurudi. Habari hizo zilimfikia William Cadbury mwaka 1901. Walituma mpelelezi, waliandikiana barua na wakubwa, walijadiliana. Kampuni iliacha kununua kakao hiyo mwaka 1909. Gazeti lililowaita wanafiki walilishtaki, kesi ikasikilizwa mwaka huo huo, wakashinda, na fidia waliyopewa ilikuwa robo ya peni. Miaka 8 watu wacha Mungu walinunua jasho la watumwa, na ankara zote zilikuwa safi. Mkono wa mwenzako haupotei kwa kuwa mbali. Leo mwenye supamaketi anapaswa kujua gunia la lumbesa lilishonwa na nani, na mwenye kampuni ya ulinzi aliyeajiri kupitia wakala anapaswa kujua wakala anabakiza kiasi gani.

Wetu wa karibu waliliona hilo. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliandika mwaka 1920 kijitabu cha kupinga kazi ya kulazimishwa kwa Waafrika wa Kenya, baada ya waraka wa gavana Northey wa mwaka 1919 uliowataka maofisa na machifu wahimize watu kwenda kwenye mashamba ya walowezi. Mwaka 1923, mbele ya kongamano la waumini wenzake London waliojali sana madhabahu na ekaristi, aliwaambia bila kuwapaka mafuta kwamba kumwabudu Yesu kanisani huku ukimpita kwa maskini ni dai lisilosimama.

Yabaki ya Zakayo. Mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko hakutoa ushuhuda wa jumla. Alisimama akatoa tarakimu. Nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu kitu kumrudishia mara nne. Baada ya tarakimu ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile. Mkurugenzi wa leo anayetaka kumfuata itabidi atoe majalada ya wafanyakazi tangu kampuni ilipoanza, pamoja na ya walioondoka: dereva aliyefukuzwa bila kulipwa likizo yake, mhudumu ambaye makato yake hayakufika NSSF, fundi aliyechoka kupita akaacha kupita. Atafute namba zao za simu. Waliofariki, awatafute warithi. Hesabu 5 imeweka utaratibu wa kazi hiyo: mkosaji anarudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, anampa aliyedhulumiwa, huyo asipokuwepo, anapewa jamaa yake wa karibu, na asipopatikana jamaa, hapo tu ndipo fedha inakwenda kwa Bwana kupitia kwa kuhani.

Utaratibu huo unamgusa mchungaji kama unavyomgusa mfanyabiashara. Bahasha nene inapoletwa Jumapili na mtu mwenye waajiriwa 60, mchungaji anapaswa kumwuliza, kabla hajaipokea na kabla hajaomba: wafanyakazi wako umewalipa hadi mwezi gani?